Jiwe Lililonikuta Nimefunga Bila Maji

Bwana asifiwe, ndugu zangu, yeye anayetupa hata maji ya kunywa.

Nilitoka Kindu kwa mtumbwi wa mashine hadi Ubundu, kisha nikasukuma baiskeli yenye mzigo msituni hadi Lubunga, nikavuka mto. Njiani nilijifunza kutokunywa maji, kwa sababu anayekunywa husimama kukojoa, na anayesimama huachwa na wenzake. Nilifika Kisangani na tabia hiyo. Nikapanga chumba Kabondo, nikauza makayabu, samaki wa chumvi. Vipande visivyouzika vilikuwa chakula changu asubuhi na jioni, bila hata kuviloweka.

Mwenye nyumba, Mama Furaha wa Isangi, alinitania. "Papa Kindu, weye unakula chumvi kama mbuzi. Na maji unaogopa, mto iko pale."

Kisha ubavu ukanishika. Maumivu yalishuka hadi kinenani, mkojo ukawa mwekundu. Nikasadiki kwamba wenzangu wa sokoni wamenitupia kitu cha uchawi, nikaingia mfungo mkavu, bila chakula wala maji, ili nifunguliwe. Ndugu zangu, kadiri nilivyofunga ndivyo nilivyozidi kuumia. Nilijikunja mkekani nikimwita mama yangu aliyebaki Kindu. Nilidhani sitamwona tena.

Mchungaji alikuja kuniombea. Akauliza nimekunywa nini.

"Hakuna, papa pasta. Niko nafunga."

Akasema amina upesi, akaita pikipiki.

Kwenye kituo cha afya walinipima. Muuguzi akasema, "Papa, jiwe hii hakuna mutu alikutumia. Chumvi mingi, maji kidogo, donc, basi, mukojo inakuwa nzito, jiwe inajijenga ndani ya figo."

"Sasa nifunge siku ngapi?"

"Funga makayabu. Maji, usifunge."

Nilikunywa mpaka mkojo ukawa mweupe kama maji. Nikala mboga na matunda, na samaki mbichi wa wavuvi Wagenia kidogo kidogo. Jiwe likatoka, dogo kama punje ya mchele. Mungu alinifungua kwa kikombe, nami namshukuru. Mtumainini, ndugu zangu, na anayeumwa ubavu asikawie kwenda kupimwa.

Siku niliyoondoka Kisangani moja kwa moja, kumrudia mama, Mama Furaha alinipa chikwangue, mkate wa muhogo, na bidoni, dumu dogo la maji. "Ukisikia mukojo, simama. Wakuache kama wanataka."

Mimi na wenzangu wa safari hatukuwa mbali na Lubunga nilipoegemeza baiskeli na kuingia kichakani. Nilipotoka, wenzangu walikuwa wamekaa kando ya njia, wakiipitisha bidoni yangu mkono kwa mkono, wakinywa.