Hapo Hapana Mteja

Dereva: Haloo! Nani mwenzangu?

Shemeji: Chumba cha kufuatilia magari hapa. Dereva, gari la mikate limesimama. Tunaomba sababu.

Dereva: Lo! Ndiyo salamu hiyo, shemeji?

Shemeji: Dereva, tunaomba sabab—

Dereva: Sauti hiyo naijua tangu ukija kwetu likizo, unamaliza sukari yote na dada yako anakutetea. Leo unaniita dereva?

[mlango unafungwa]

Shemeji: Haya, ametoka. Shikamoo, shemeji.

Dereva: Marahaba. Mtu na heshima yake. Nani katoka?

Shemeji: Nani tena? Meneja, Darubini. Alikuwa kanisimamia mgongoni, sasa kafuata chai. Nisikilize upesi, simu hizi zinajikata zenyewe, wametupimia dakika. Nukta yako kwenye skrini ni nyekundu. Uko wapi? Ramani inasema hapo hapana mteja.

Dereva: Mteja yupo. Hali mkate tu.

Shemeji: Usinitanie, maduka yanasubiri, na—

Dereva: Niko kwa dada yako.

[mtandao unakwaruza]

Shemeji: Makaburini? Saa za kazi?

Dereva: Saa zisizo za kazi ziko wapi? Nionyeshe nami nizione. Nikilaza gari, lango hapa limeshafungwa.

Shemeji: Hii ni nyekundu yako ya tatu! Ya tatu unakabidhi funguo, ujue. Na watoto wa dada yangu utawalisha nini?

Dereva: Wewe si ndiye unayebonyeza? Bonyeza vizuri.

Shemeji: Nibonyeze nini? Kompyuta inanipa pancha, mafuta, foleni, askari, haja. Basi.

Dereva: Kufiwa haimo?

Shemeji: Haimo.

Dereva: Kumbe wakubwa hawafiwi. Au wakifiwa wao, hawasimami.

Shemeji: Pancha nikiandika, kidude cha garini kinapima upepo wa tairi. Mafuta, kinapima tangi. Foleni, hapo makaburini—

Dereva: Foleni ipo. Ndefu kweli. Ila hawasogei.

Shemeji: Shemeji! [anacheka, anajikohoza] Basi haja. Ndogo wanakupa dakika tatu.

Dereva: Andika kubwa.

Shemeji: Kubwa umeshaipitiliza.

Dereva: Ala! Hata hiyo mmeiwekea kipimo? Mtu kasoma mpaka miwani, kumbe kwenda kukaa mlangoni mwa choo na saa mkononi!

Shemeji: Punguza sauti. Nitasema tumbo linakuendesha. Hilo namweleza kwa mdomo, analiamua mwenyewe. Lakini kuna jingine. Kamera ya kwenye kioo ilikupiga picha ukishuka. Huna kofia.

Dereva: Kofia gani?

Shemeji: Unaijua. Ya Dereva Bora.

Dereva: Imevaliwa.

Shemeji: Na nani?

Dereva: Nimeitundika kwenye kibao chake. Walinipa kwa ule mwezi nisiosimama hata mara moja, si ndiyo? Haya niambie, aliyeshinda ni nani? Mimi niliyepita, au yeye aliyengoja? Haloo? Umekatika?

Shemeji: Nipo. Siku ile... niliiona nukta yako.

Dereva: Najua.

Shemeji: Hospitali walikuwa wameshanipigia. Nikakupigia wewe. Nikaona nukta inafika pale langoni pa hospitali, nikasema sasa atasimama. Ikapita. Kijani kabisa. Darubini nyuma yangu akapiga makofi, akasema, mnamwona huyo? Huyo ndiye—

Dereva: Simu iliita. Nilivyonyoosha mkono tu, kidude kikasema, dereva, angalia barabara. Nikaangalia barabara.

Shemeji: Na mimi nikaangalia skrini.

Dereva: Sisi tusilaumiane. Wa kulaumiwa wapo, wanakunywa chai.

Shemeji: Shemeji... niweke karibu naye. Mimi hapa nikiinuka, kiti kinalia. Sijapata kuja tangu tulipozika.

Dereva: Ngoja. Nimeegesha simu kwenye kibao, chini ya kofia. Sema naye.

Shemeji: Dada. Dada, ni mimi. Usione kimya, mwenzio— [mtandao unakwaruza] Dereva, narudia, tunaomba sababu ya gari kusimama!

Dereva: Karudi?

Shemeji: Ndiyo, dereva. Tumbo? Tangu asubuhi? Subiri, namweleza meneja. [sauti inafifia] Bosi, ni tumbo... ndiyo, la kuendesha... [inarudi] Meneja anauliza, ni kweli?

Dereva: Kama ana wasiwasi, aje achungulie.

Shemeji: Anasema ni kweli kabisa, bosi.

[kijiko kinakoroga chai]

Dereva: Nilete funguo?

Shemeji: Hapana. Ameifuta nyekundu yako. Anasema binadamu ni binadamu, haya humtokea yeyote. Unywe maji mengi, uendeshe taratibu. Na... anakupa pole.

Dereva: Pole ya nini?

Shemeji: Ya tumbo.

[mtandao unakwaruza]

Dereva: Huyu bwana. Nimezika mke, kanivika kofia. Leo nimeharisha, kanipa pole.

Shemeji: Dereva, ondoa gari. Tafadhali.

Dereva: Naondoa. Mwambie pole yake imefika, nimemwachia mwenyewe hapa, pamoja na kofia. Na wewe dada yako ana—

Shemeji: Sawa, dereva, muda wa simu hii una— nini? Dada ana nini? Haloo? Shemeji?