Racheti Tatu Mezani kwa Mzee Kaza-Pole

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Kaza-Pole anastaafu rasmi, baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na minne. Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa iliyopita. Zilizobaki ni za likizo. Alipoajiriwa, paa lilikuwa jipya na yeye alikuwa na nywele. Paa limebadilishwa mara mbili.

Mtu wa nje hudhani racheti ni racheti: spana inayokaza kwa kwenda na kurudi bila kutolewa kwenye nati, na mpini ni mpini tu. Aseme hivyo mbele ya Kaza-Pole, chai yake itapoa akisikiliza jibu.

Alianza na mpini mfupi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ndiye aliyetumwa chini ya dashibodi, mahali ambapo kiwiko hakina pa kwenda. Alipopandishwa kwenye injini akapewa mpini mrefu wa chuma kitupu, na hapo mapenzi yakaanza. Yalianza vibaya. Wiki ileile alikata bolti ya basi la abiria: kichwa kikabaki mkononi, mwili ukabaki ndani ya injini. Alishinda akiutoboa utoke, abiria wamekaa juu ya mizigo yao wakimtazama kama wafiwa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kusema "kaza pole, kaza pole," hata kwa anayefunga chupa ya maji. Jina likamganda.

Mpini mrefu, alitufundisha, ni kama shemeji mwenye maneno: hukuza kila jambo. Wewe unasukuma kidogo, nati inasikia makubwa. Lakini chuma kitupu kinaleta habari. Mkono unaihisi nati ikikubali, ikisita, ikikaribia kukatika. Mpini wa mpira hakuutaka kabisa. Mpira, alisema, ni mkalimani, na yeye alipenda kuzungumza na nati mwenyewe.

Mwenzake wa benchi, fundi wa breki tunayemwita Dada Breki, alikuwa na racheti ya mpini wa mpira na kichwa kinachopinda. Ugomvi wao tuliukuta na tumeshindwa kuumaliza. Mzee: "Dada, mtoto umemvalisha soksi tena?" Dada Breki: "Bora soksi, mzee. Wako yuko peku, kateleza, yuko chini ya gari." Kila mmoja alikuwa na haki yake. Chuma kikipakwa grisi ni samaki mbichi, ila ukikipitishia kitambaa kimekwisha kutakata. Mpira unashikika, ila hunywa oili mpaka ukavimba.

Nusu ya mafundi wa hapa wamepita mikononi mwake. Hakuna gari lililotoka kwenye shimo lake likarudi kwa sababu ya nati iliyolegea, na wanaobisha watafute hilo gari.

Miaka miwili iliyopita vidole vyake vya mkono wa kulia vilianza kuvimba kwenye viungo. Asubuhi havikunjiki. Hakumwambia mtu, akawa mkarimu ghafla. Ikitokea nati sugu, anaita: "Njoo, leo nakuachia ujifunze." Mafundi wenye wajukuu wakajifunza upya kufungua nati, kwa utiifu mkubwa.

Alichotaka tulikijua ingawa hakukitamka: kufika siku yake ya mwisho akiwa fundi, si mpokea funguo za wateja. Meneja, kwa nia njema, alishamtengea kiti cha kaunta chenye mto. Kaza-Pole alikuwa akipita mbali na kile kiti kama mtu anavyopita mbali na duka la majeneza.

Mwezi uliopita ikaingia pikapu ya kubadilishwa pampu ya maji, na bolti moja imejificha pabaya. Mpini wake wa chuma ukamtoka mkononi, akauokota, ukamtoka tena. Safari hii hakuita mtu aje kujifunza. Alisimama tu ameinamia injini. Dada Breki akasogea, akaweka racheti yake kando ya mkono wa mzee, akasema anakwenda kunywa chai. Haikuwa saa ya chai. Sisi wengine tukakumbuka kazi za haraka upande wa pili. Halafu tukasikia kre, kre, kre, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Bolti ikatoka. Kiti cha kaunta kikakaliwa na paka wa karakana, na bado anakikalia.

Desturi ya hapa, anayestaafu huchagua racheti moja akaondoka nayo. Ijumaa tukaziweka tatu mezani: ile fupi ya ujana wake, ile ndefu ya chuma, na ya Dada Breki, iliyowekwa kwa utani tu. Jibu tulikuwa nalo. Seremala alishachonga ubao wa kutundika ukutani, wenye mfereji wa umbo la mpini mrefu, hadi ule mkwaruzo wa shingoni.

Mzee akaushika mrefu. Akaukunjia vidole vilivyokubali, akauzungusha hewani, akasikiliza. Alikaa nao hivyo mpaka meneja, aliyekuwa ameshika hotuba, akairudisha mfukoni. Kisha akaulaza mezani kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia, akachukua wa mpira.

"Mzee, hiyo yangu!" Dada Breki akaruka. "Tulikuwa tunatania. Jumatatu nina breki za lori!"

"Najua ni yako. Njoo uifuate nyumbani."

"Na nisipokuja?"

"Utakaza kwa meno."

Tulicheka sote isipokuwa Dada Breki, aliyekwenda kutafuta kitambaa cha kufutia mikono iliyokuwa safi. Mke wa mzee, ambaye hapa ni mama yetu sote, alikuwa ametunong'oneza kwamba siku za mapumziko mumewe husimama getini akisikiliza magari yanayopita. "Ile plagi moja haichomi," humwambia, na hakuna wa kumjibu, kwa maana mama wa watu hajui plagi.

Jumatatu Dada Breki alikaza breki za lori kwa ule mpini mrefu wa chuma. Anasema unateleza. Hajaurudisha mezani. Na mtunza stoo analalamika kwamba tangu Ijumaa vifaa vinapungua: fundi wa rangi amemwazima mzee bunduki ya kupulizia, mnyoosha bodi amempelekea nyundo, na kila anayeulizwa anajibu kwamba yeye chake atakifuata mwenyewe.

Mzee Kaza-Pole, asante kwa mikono yako, na kwa masikio yako pia. Tunakuombea maisha mema, viungo vyepesi na birika kubwa. Dada Breki anakuja Jumapili hii. Sisi wengine tunapanga zamu.