Josepha Tuliyemruka

Mgeni rasmi, daktari uliyetoka makao makuu kutufungulia kliniki hii, shikamoo. Sisi ni wagonjwa kumi na wanane wa baridi yabisi, wa Ng'ambo, Ntalikwa na hata Bukene. Utuwie radhi tusipopiga makofi, vidole havikunjuki.

TULIKOTOKA

Tulianza watatu, kwenye benchi la kusubiri dawa. Muuguzi Agnetha alitueleza kwamba chembe nyeupe za damu, walinzi wetu, zimegeuka na kushambulia viungo vyetu. Vidonge vya prednisoloni hufanya kazi ya homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo: huingia ndani ya chembe hizo na kupunguza nguvu ya vimeng'enya vinavyochochea uvimbe.

TULICHOWEZA

Mzee Hilari anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Elieth amerudi shambani. Aliyeishiwa vidonge aligawiwa na wenzake.

KILICHOTUPATA

Agnetha alihamishwa. Mwezi wa tatu dawa zikaisha zahanati. Tukakusanya vidonge vyetu vyote, havikututosha. Nani asubiri? Macho yakamwangukia Josepha wa Ntalikwa, mashavu yamejaa, shingo imenona.

"Wewe bibi harusi," Hilari akamtania, "utatuzika sote. Subiri wiki ijayo."

"Haya, mezeni nyie vijiti!" Josepha akacheka.

Akarudi kwake mikono mitupu na, kama alivyomwambia Elieth njiani, moyoni kafurahi kidogo. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumwona mzima.

Hatukujua, mpaka tulipoelezwa hospitalini baada ya mazishi, kwamba vidonge hivyo ndivyo vilivyomjaza uso, kwa kuwa alimeza vingi kuliko sote. Wala hatukujua kwamba tezi zake, kwa kuzoea kusaidiwa, zilikuwa zimelala. Siku ya nne alitapika, akalegea, presha ikashuka. Alikata roho akisubiri usafiri. Tulimwua kwa kumwona mnene, mgeni rasmi, na hatuna namna nyingine ya kulisema.

TUNALOOMBA

Jengo ni zuri. Lakini leo asubuhi, tukifagia, tumeliona kabati la dawa: tupu. Tunaomba dawa mpya zifike kabla zilizopo hazijaisha, na mtu wa kutueleza arudi. Tulizonazo ni za siku mbili. Zisipofika, tunakuomba ubaki, wewe uliyesoma, utuchagulie atakayekosa.

Mungu akufikishe salama, na sisi atusamehe.

Umoja wa Wagonjwa wa Baridi Yabisi, Ng'ambo.
Imesomwa na Julieth, katibu.