Masanduku Hamsini na Matatu ya Samaki

Benchi la Febby, muuza kahawa, liko kati ya depo ya samaki na ziwa, na mwaka 1998 lilikuwa ofisi ya wale wasio na ofisi. Asubuhi hiyo Mulumba, mwandishi wa programu, aliketi bila kugusa kahawa yake. Lugha ya kompyuta aliyoizoea, tangu akiwa Lubumbashi, ilikuwa Pascal. Sasa patron, mwenye depo, alitaka ukurasa wa JavaScript, lugha nyingine, wa kujumlisha mizigo, uwe tayari mchana. Ukishindikana, kazi inakwenda kwa mtu wa mji wa Mansa. Na ukurasa, ukipewa masanduku matano na masanduku matatu, ulijibu hamsini na tatu badala ya nane.

— Ni jenereta, alisema Ackson, fundi wa injini za boti, waliyemwita Spana. Kuran ya umeme ikikuwa kidogo, mashini inachoka kujumlisha. Inapanga tu namba moja pembeni ya ingine.

— Hapana, yaya, alisema Didier, mchuuzi kutoka Kongo, ambako kaka huitwa yaya; jina lake la kijiweni ni Ministre, yaani waziri. Ni luga ya biashara. Inaongeza samaki kusudi patron afurahi.

— Afurahi, na lori inafika tupu? aliuliza Spana.

— Lori haina kinywa.

— Basi ni ziwa. Hewa ya maji inaingia mu waya, namba zinavimba.

— Kama samaki ya juzi.

Mulumba alicheka kidogo.

— Kuran iko muzuri. Kile mutu anaandika mu ukurasa, JavaScript anakipokea kama maandishi. Tano, tatu, anayashona pamoja. Pascal angekataa palepale. Huyu anakubali tu.

— Kumbe ni mutoto wa adabu, alisema Ministre.

— Nitaweka parseInt. Ile inamwambia: hii ni hesabu.

— Weka, basi, unywe kahawa, alisema Spana.

Mulumba alikuwa ameinua kikombe Dorica alipotoka depo, buti zikidondosha maji. Ndiye karani, ukurasa ungekuwa mikononi mwake.

— Ba Mulumba, aliita kwa heshima, nikikosea, nikiandika jina la samaki pa fasi ya hesabu, itaniambia?

— Pascal ingekuambia.

— Sikuuliza Pascal. Lori ikienda na hesabu mubaya, ni mimi patron ataita.

— JavaScript hatakuambia, mpaka mimi nimuandikie kukataa.

Mulumba aliweka kikombe chini, kikiwa kimejaa, akamfuata Dorica ndani.