Mnazi Uliopanda Ndege

KAHASO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

CHARO: Da Kahaso, shikamoo! Ni mimi, Charo! Mzima, ila nanuka!

KAHASO: Marahaba. Si ulishapanda ndege? Nairobi mmefika saa hi—

CHARO: Nairobi wapi! Niko Malindi. Tumerudishwa!

KAHASO: Na nani?

CHARO: Na rubani, Mungu amzidishie! Tuko juu huko, mara masikio yanaziba, hewa ya ndani inakwisha! Vikopo vya manjano vikadondoka toka darini, tukaambiwa vaeni puani, pumueni. Ndege ikainama, chini, chini—

KAHASO: Yesu wangu! Watu wamekufa?

CHARO: Hata mmoja! (anacheka) Aliyekufa ni dumu.

KAHASO: Dumu gani? Charo. Usiniambie ni ule mnazi wa wazee kunywa kwenye posa.

CHARO: Lilivimba, dada, kama tumbo la mbuzi aliyeiba mahindi. Halafu pu! Simu yangu imelewa, haiwaki. Hii ni ya mama Easter, jirani yangu wa kiti. Mama wa kanisa, kitambaa cheupe, kaoga mnazi toka utosini! Akadhani ndege imepasuka, akaanza pambio. Tukaitikia sote, na vikopo puani!

KAHASO: (anacheka) Wee! Na kifuniko? Ulikikaza?

CHARO: Kidogo.

KAHASO: Mtoto wa mgema wewe! Mnazi wachemka wenyewe, huachiwa upumue!

CHARO: Niliona haya. Ile harufu, mbele ya watu wa ndege...

KAHASO: Na sasa hawajaisikia?

CHARO: Mpaka rubani! (wanacheka) Lakini dada... wazee waliotangulia na basi wako kwa babake Janet, mzee Sanga, saa hizi. Bila mnazi wa leoleo hawafungui mdomo, na mchumba nitamkosa. Thuku aliyeniuzia hana mwingine?

KAHASO: Ameuza wote.

CHARO: Kuna ndege ya jioni. Baba je?

KAHASO: Wajua alivyoapa. Sanga kahamia Nairobi, na posa nayo imfuate huko? Ipelekwe kijijini kwao Tezo, la sivyo hagemi hata tone.

CHARO: Najua. Ndipo nikanunua kwa watu, mimi mwana wa Kahonzi. Yupo hapo?

KAHASO: Alikuwa mlangoni. Niliposema "watu wamekufa"—

CHARO: Alisema nini?

KAHASO: Katoka! Kaacha chai yake.

(mtandao unakwaruza)

CHARO: Amekasirika?

KAHASO: Ngoja nitoke nje nimtazame... Charo! Una salio?

CHARO: La mama Easter, linakwisha! Sema!

KAHASO: Yuko juu ya mti. Ule wa nyuma ya zizi.

CHARO: Saa hizi? Si wakati wa kugema!

KAHASO: Kibuyu kiunoni! Na anapiga kelele huko juu... Baba, polepole, utaanguka!

CHARO: Anasema nini? Dada, haraka—

KAHASO: Anasema kifuniko usikiguse! Atakishika mwenyewe mpaka Nairobi. Umkatie tikiti, na akae dirisha—

CHARO: Baba apande ndege? Haloo? Da Kahaso? Haloo!... Mama Easter, limekwisha. La, silii, mama. Ni huu mnazi, uliniingia machoni.