Shakire Alilizima Jiko

Sikilizeni wanangu, Oktay na wewe Suzan, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima. Nyumba na bustani ya makomamanga mtagawana kwa sheria ya dini. Hayo hayaninyimi usingizi. Anayeninyima usingizi ni Shakire, jirani yetu wa zamani.

Suzan, umerithi kazi yangu ya maabara kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Unajua kwamba mafuta ghafi yakichemshwa, petroli hupanda juu ya mnara kwa wepesi wake, mafuta ya taa hutoka chini yake, na yakichanganyika, jiko la nyumbani huwa bomu. Siku moja ya baridi nilitia mafuta ya taa kwenye kikombe cha kupimia, nikayapasha taratibu, nikapitisha kimwali cha moto juu yake. Yakashika, puf, kipimajoto kikiwa nyuzi ishirini na sita, na mafuta salama hayapaswi kushika kabla ya kuvuka thelathini na nane. Nikajiambia, aa, kikombe nilikiosha kwa petroli, sikukikausha vizuri. Kupima tena ni robo saa, na basi la wafanyakazi lilishapiga honi. Nikaandika arobaini na mbili.

Wiki haikuisha, jiko la Shakire likalipuka, likamuua bintiye Aysel, wa miaka minne. Matangani mumewe akamfokea, "Umejaza mafuta jiko likiwaka, mjinga wewe!" Naye akalia, "Wallahi nililizima! Nilijaza, ndipo nikawasha!" Watu wakanigeukia mimi, mtaalamu. Nikasema, "Mafuta ni salama, niliyapima mwenyewe."

Akaachwa, akarudi kwa kaka zake na jina la muuaji. Miaka thelathini na moja. Kila mama yenu alipowasha jiko nilisikia ile puf, kisha mtoto analia. Hata sasa analia, ninyi hamsikii? Oktay, usiseme homa inanichanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kimeshanifikia.

Suzan, kikombe kikaushe, upime tena, hata basi likuache. Na nyote wawili nendeni kwa Shakire. Msinong'one, simameni mlangoni, majirani wote wasikie, mseme, "Mama Aysel, ulilizima jiko. Baba yetu alijua." Msiniombee msamaha, asije akanipa kwa haya kwa kuwa nakufa.

Mungu awalinde, wanangu... awape mikono isiyo na haraka. Mbona mmekaa? Nendeni sasa, msingoje nizikwe. Akitaka kuja kunitemea mate... mleteni... aje ningali hai.