Uso wa Dewey, Jina Langu

Zima hiyo televisheni, Wendell, nawe Marlene acha maharage yaungue huko jikoni, njooni mketi karibu na kitanda, kwa maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele, na hili nitalisema mara moja tu. Sikilizeni, wanangu, na asinikatize mtu.

Nyumba hii ni ya Marlene, aliyemuuguza mama yenu Ardith mpaka tukamzika. Lori na shamba la kando ya mto ni vya Wendell, na ng'ombe wa Wendell wasivuke ua wa dada yake, maana nawajua nyote wawili, mmerithi hasira zangu na akili ya mama yenu mkaiacha. Hayo yamekwisha. Sasa kadi.

Mnaijua. Ilitoka ndani ya pakiti za chingamu mwaka wangu wa kwanza ligi kuu ya besiboli: mbele kijana amevaa glavu ya kudakia mkono wa kushoto, chini yake jina langu, Virgil Stroud, mrushaji, nyuma wameandika kwamba hurusha kwa mkono wa kushoto, na hilo ni kweli. Sasa mtu arushe kwa mkono uliovaa glavu? Hata mtoto wa shule aliuona uongo huo. Yule si mimi. Ni Dewey Pettus, tuliyelala naye chumba kimoja kambi ya mazoezi Florida.

Mpiga picha alifika nikiwa ndani nachuliwa bega. Akaita, "Stroud yuko wapi?" Dewey, mtu asiyeacha mzaha hata kanisani, akasimama akakenua meno: "Ndiye huyu, kaka, na unipige upande huu, ndio wanaoupenda wanawake!" Wenzetu wakacheka mpaka wakakaa chini, na hakuna aliyeniambia. Nilijua kadi zilipotoka.

Yeye walimrudisha kwao kabla msimu haujaanza, hakucheza ligi kuu hata siku moja. Mimi nilipata kiangazi kimoja kitamu, magazeti yakinisifu, kisha kiwiko kikaharibika, wakanishusha ligi ndogo, mji hadi mji ndani ya mabasi yanayonuka soksi, mpaka simu ikaacha kulia nikaja huku kuuza matrekta. Hawakunitolea kadi nyingine. Na kila mji watoto waliniletea ile ile niisaini, nami nikawarudishia: "Huyo si mimi, kijana." Baba zao walinitukana. Watukane! Cha kuazima hakistiri matako.

Nilimchukia Dewey. Nafaka zilipomfukia ghalani kule Paducah sikwenda kumzika, na sitajifanya leo kwamba nilikwenda.

Sasa wewe, Wendell, wiki iliyopita uliniletea mnunuzi na kalamu yake. "Mzee, saini hapo kifuani tu, sekunde moja." Nawe ukadakia, "Baba, ni wino tu! Hilo kosa ndilo linaloipa thamani." Nimekusikia. Ningekuwa na nguvu ningewatoa nje wote wawili kwa gongo.

Lakini kabla yenu alikuja Faye, binti wa Dewey, siku ya Pasaka, na pai ya tufaha mkononi. "Siiombi, Mzee Stroud. Nimekuja kuangalia tu." Baba yake alikufa yeye bado ananyonya, na nyumba yao iliungua na picha zote. Akaipeleka kadi dirishani, akakaa nayo mpaka pai ikapoa, akasema, "Kumbe masikio haya niliyochekwa nayo shuleni ni ya baba." Marlene, ulikuwepo. Ulikimbilia jikoni ukijidai unatafuta uma.

Bado nina hasira na Dewey. Nikimkuta huko niendako, nitamkamata kola kwanza, salamu baadaye. Lakini uso ni wake. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu, nami sitaki iishie kaburini kwangu.

Kwa hiyo, Wendell, kadi utaipeleka Paducah mwenyewe. Si kwa posta. Itoe kwenye hiyo plastiki, umpe Faye mkononi, ule chakula atakachokupa, urudi. Usinune. Marlene, nipe ile kalamu aliyoisahau yule mnunuzi. Inua kadi... shika vizuri... hapo chini, juu ya jina langu. Huyu... ni... Dewey... Pettus. Basi. Mwandiko umepinda, lakini unasomeka. Sasa hata ukitamani kuiuza, utakuwa unauza ukweli.

Nizikeni kando ya Ardith. Msinivalishe tai. Mungu awape mikate mezani na usingizi usio na deni la uongo, awape watoto watakaowajibu kwa heshima zaidi kuliko mlivyonijibu mimi... na mpendane, hata mkigombana...

Nimechoka. Nishike mkono, mwanangu. Siyo huo, Wendell. Wa kushoto.